Mabeseni Chini ya Mgunga

Jana nilikuwa nafua uani, hapa kwangu Mandewa, Singida mjini, nikakung'uta mikono kama ninavyokung'uta siku zote, na bonge la povu likaruka likanasa kwenye kitawi cha uzio. Si kitu. Povu la sabuni ya unga, ile inayonukia ndimu na haijawahi kukutana na ndimu. Lakini badala ya kupasuka lilikaa palepale, jeupe, limekikumbatia kitawi, na baada ya muda likaanza kudondosha matone kwenye vumbi. Tone moja, kimya, tone jingine. Nikasimama nikaliangalia. Maji ya bomba yakajaa ndoo, yakamwagika, yakafika mpaka kwa jirani, naye akaita, "Mama Saidi, umelala umesimama?" Nikamwambia sijalala. Kumbe nilikuwa mbali, kijijini kwetu nyuma ya Mkiwa, mtoto wa darasa la pili, miguu mitupu kwenye tope, na mama yangu ndiyo kwanza amezikwa.

Mnaosoma msinipe pole. Pole nilipewa wakati ule zikajaa nyumba, na hakuna hata moja niliyojua pa kuiweka. Nataka tu kuwaeleza habari ya chura.

Kijiji chetu kiko ndani ukitokea njia panda ya Mkiwa, upande ambao mabasi hayana habari nao. Tulikaa kwenye tembe, nyumba ya paa la udongo, na chini yake, umbali wa mtu kuita akasikika, kulikuwa na bwawa. Kuliita bwawa ni kulipa heshima tu. Lilikuwa bonde la udongo mweusi, lililoshika maji wakati wa mvua na kupasukapasuka wakati wa kiangazi, mbuzi wakapita katikati bila kulowa kwato. Ila mvua zikinyesha lilikuwa na kila kitu: nyasi ndefu, ndege wenye miguu kama vijiti, nzi, konokono, na harufu ya tope bichi na majani yanayooza. Watu wa mjini wakikutana na harufu ile wanaziba pua. Mimi mpaka leo navuta.

Upande mmoja wa bwawa, mgunga uliota umeinama juu ya maji kama mtu anayetafuta sindano iliyomdondoka. Vyura wa kawaida tulikuwa nao tele, wale wenye kelele ambazo wahenga wanasema hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini kwenye ule mgunga alikaa chura mwingine, ambaye sijamwona tena popote. Alikaa juu ya mti. Jua la Singida likiwa limesimama utosini, hata mjusi amekimbilia kivuli, yeye amekunja miguu chini ya tumbo, amejibandika kwenye tawi, mweupe kama jivu la mkaa uliokwisha. Ukimgusa haruki. Anafumbua jicho, anakuangalia, analifumba. Vidole vyake vilishika tawi kama mkono unavyoshika mpini, viwili huku, viwili kule. Jioni ukirudi unamkuta amekuwa wa kahawia kama gome. Watoto wenzangu walimwogopa na hawakukanyaga upande ule. Na watu wa vijiji vya jirani ukiwaambia kwetu kuna chura wa mtini walicheka mpaka machozi, wakauliza kama samaki nao tunawachuma.

Mama hakumwogopa. Mama aliuza kuku pale njia panda, akiwanyanyua juu mpaka kwenye dirisha la basi, kuku wamening'inia vichwa chini wanawatazama abiria, na mtu anayeishi kwa kazi ile haogopi vitu vingi. Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu. Mnajua kwetu mtoto wa kike akiitwa na mkubwa anaitika "bee", wa kiume "naam". Mkubwa akiitwa na mtoto yeye anasema "unasemaje", au hasemi kitu. Mama nilipomwita aliniitikia bee, kama vile mimi ndiye mama mkwe wake. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa anakaa hapa Mandewa na kuja kijijini kutukagua, alimwambia, "Wifi, unamharibu huyu mtoto." Mama akamjibu, "Sasa atajifunza kwa nani kuitika, kama mimi simwitikii?" Baba hakuitika kabisa. Ukimwita baba, ulisubiri ageuze shingo.

Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku mama aliniamsha mapema, kabla hajafunga kuku wake, akanishika mkono tukashuka bwawani. Kwenye matawi ya mgunga, juu ya maji, yalikuwa yananing'inia mapovu matatu, makubwa kuliko ngumi ya mtu mzima, meupe pee. Vyura walikuwa bado wamelala juu yake, wamechoka, miguu ya nyuma imejaa povu, hawana tofauti na wanawake waliomaliza kufua mablanketi.

"Wamelipiga usiku kucha kwa miguu," mama akaniambia kwa sauti ya chini, maana hata mimi nilikuwa nanong'ona. "Mayai yamo humo ndani. Nje litakauka liwe gamba, ndani linabaki bichi. Likishalainika, viluwiluwi wanadondoka wenyewe majini. Tup, tup, tup. Mimi niliona mara moja tu, nikiwa na mimba yako."

"Na mimi nataka kuona."

"Tutaona wote. Siku chache tu. Ukiona wanaanza na mimi nipo mbali, niite."

"Utasikia?"

"We mtoto, nilishawahi kuacha kusikia?"

Hakuwahi, huo ndio ukweli. Na hakuwahi kunidanganya.

Kesho yake tumbo lilimshika tangu alfajiri. Mchana alikuwa hawezi kusimama. Baba akasimamisha gari la vitunguu lililokuwa linaelekea mjini, wakamlaza juu ya magunia. Alikuwa amejifunga kanga mbili na uso wake una jasho. Nikapanda kwenye tairi nimwone. Akaniambia, "Niangalizie mapovu yetu." Halafu gari likaondoka, na harufu ya vitunguu ikabaki pale uwanjani mpaka jioni. Siku iliyofuata alirudi amefunikwa.

Hapa ndipo wengi hunitaka nieleze nilivyolia. Sikulia. Mwaka ule nilikuwa nimeng'olewa jino kwenye zahanati, wakanichoma ile sindano ya ganzi, na nilipofika nyumbani nikajiuma mdomo, damu ikatiririka, na sikusikia kitu. Ndivyo nilivyokuwa, safari hii mwili mzima. Moshi wa kuni mbichi niliusikia puani. Ubani niliusikia. Mkeka ulinichoma mapajani, nikajua unanichoma. Jeneza nililiona likitoka na wanaume wakigombea kulibeba. Lakini ndani kulikuwa kimya, hakuna mtu aliyebisha hodi.

Wanawake walihangaika na mimi. "Lia mwanangu, lia utoe." Mmoja alinikumbatia akalia yeye kwa niaba yangu, akanilowesha shingo. Shangazi alinifinya mkono kidogo, kwa nia njema. Nilimwangalia tu. Nikamsikia akisema jikoni, "Huyu mtoto moyo wake ni majabali haya mnayoyaona nje." Sikukasirika. Niliona pengine ni kweli.

Lakini mimi nilikuwa nasubiri. Kuzikwa nilijua amezikwa, sikuwa mjinga. Ila niliona kuzikwa ni jambo la watu wakubwa, lina mambo yake mengi, na mama hakuwa ameniambia lolote kuhusu kuzikwa. Aliniambia niangalie mapovu, wakianza kudondoka nimwite, atakuja. Basi kazi yangu ilikuwa moja. Wale viluwiluwi wafike siku yao wakiwa hai, wadondoke majini, mimi niite. Wakifa kabla, nitamwita aje kuangalia nini?

Sasa msiba unakunywa maji, jamani. Watu walijaa, waliotoka Ikungi, waliotoka kwa kina mama kule Mkalama, na majirani wote. Wanapikiwa, wanatawadha, vyombo vinaoshwa. Pampu ya kijiji ilikuwa imeharibika, kwa hiyo kila ndoo ilitoka bwawani, na mvua nazo zilikuwa zimekata, kama zinavyofanya kwetu kila mwaka mahindi yakifika magotini. Siku ya pili ya tanga nilipenya kwenye nyasi nikaenda kwenye mgunga. Maji yalikuwa yamesogea. Mapovu yalikuwa palepale, yamekauka juu yakawa na gamba la rangi ya uji wa ulezi, na chini yake palikuwa na tope tupu, limeanza kung'aa kwa kukauka.

Nilirudi nyumbani nikachukua beseni.

Yalikuwepo mengi. Kwetu msiba ukitokea kila nyumba inatoa vyombo, na kila chombo kina alama yake: huyu amefunga uzi mwekundu kwenye mkono wa sufuria, huyu amepaka rangi ya kucha chini ya beseni. Mtunza vyombo alikuwa jirani yetu Mama Mwanaidi, mwanamke mnene mwenye kumbukumbu ya kutisha, aliyejua kijiko cha nani kilipinda msiba gani. Nilisubiri akageuka kuonja mboga, nikalifunika beseni kwa kanga yangu, nikashuka nalo. Nikalichimbia kidogo kwenye tope chini ya povu la kwanza, nikachota maji kwa kopo kutoka kule yalikokimbilia, nikalijaza. Nikarudi kuchukua la pili. Nikarudi kuchukua la tatu. Watu waliniona nikipita, nakumbuka mmoja alisema, "Mwacheni atembee."

Hapo ndipo watani walipoingia. Asiyejua utani aelewe hivi: kwetu mtani ana ruhusa msibani. Wenyewe mkilia, yeye anacheka. Anaweza kulala kaburini akakataa kutoka mpaka mmpe kitu. Anaficha viatu, anakalia jiko, anateka vyombo, na mwenye msiba hana haki ya kununa, analipa fidia. Mtani wetu mkuu alikuwa Mzee Shija, Msukuma aliyehamia Mkiwa zamani, mrefu, kofia ya pama haimtoki kichwani. Siku ya mazishi alisimama mlangoni akatangaza kwamba haoni kwa nini watu wanalia, marehemu amewahi tu kuondoka kabla kuku wake hawajaanza kumdai. Watu walicheka huku wakifuta machozi. Mimi nilimwangalia kama nilivyowaangalia wote.

Basi Mama Mwanaidi alipogundua mabeseni matatu hayapo, hakuwaza mwizi. Wala hakuwaza mtoto. Alishika kiuno akasema kwa sauti ya kufika Mkiwa, "Shija! Umeshaanza!"

Mzee Shija alikuwa amekaa anachokonoa meno. Akamwangalia, akafikiri kidogo, akasema, "Nimeanza nini?"

"Mabeseni! Sema unataka nini."

Mtani wa kweli haachi neema ipite. Akavuta kofia mbele, akasema anataka jogoo, tena siyo hawa wa kisasa, jogoo wa Singida mwenye miguu mirefu, wa kuchemsha, na mchuzi ale na wenzake. Jogoo akakamatwa, akapikwa. Wakala watani wote, wakalamba vidole, wakasema mabeseni yatarudi siku ya kuanua tanga. Nilikuwa nimekaa karibu na moto nikiwasikiliza. Mtoto mwingine angecheka au angeogopa. Mimi niliona tu kwamba sasa hakuna atakayeyatafuta, nikaenda zangu bwawani.

Wahenga wanasema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Yale mabeseni ndiyo yalikuwa bahari yangu, na beseni moja lilikuwa na tundu lililozibwa kwa kitambaa. Nilijua litavuja. Jioni nililijaza, na nilijua asubuhi nitakuta limebaki nusu. Asubuhi nilikuta limejaa. Yote matatu yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni, na maji yenyewe masafi kuliko yale niliyochota mimi, maji ya mtungini. Nikadhani ni umande. Mtoto aliyekuwa na akili zake angejua umande haujazi beseni, lakini akili zangu nimeshawaambia zilikuwa wapi.

Baba siku zote hizo alikaa na wanaume kwenye majamvi, mbele ya nyumba. Hakuongea. Aliletewa chakula akaosha mikono, akaiangalia mikono ikakauka, chakula kikaondolewa. Alipoambiwa pole aliinamisha kichwa. Hakuniita, na mimi sikumwendea. Tulikuwa watu wawili kwenye kituo kimoja, kila mmoja na basi lake.

Siku ya kuanua tanga walisoma hitima asubuhi, watu wakala, na ikabaki kazi ya wanawake: kufua nguo za marehemu kabla ndugu hawajagawiwa. Walizitoa zote. Sikujua kama mama alikuwa na nguo chache vile. Mama Mwanaidi akaja mbele ya watani, amekunja mikono.

"Haya Shija. Masihara yana mwisho. Tunataka kufua."

"Mama Mwanaidi," Mzee Shija akasema, "mimi hayo mabeseni sijayachukua."

Uwanja mzima ulicheka. Akavua kofia, akaapa haki ya Mungu. Wakacheka zaidi, kwa sababu nani amewahi kuamini kiapo cha mtani? Akawageukia wenzake wamsaidie, wenzake nao wakawa wanamwangalia yeye, kila mmoja akidhani mwenzake anajua yalipo.

"Kama hukuyachukua, jogoo ulimla kwa lipi?"

"Mlinipa wenyewe! Mtu akipewa jogoo anauliza?"

Sijui yule mzee alitoka jasho kiasi gani, maana kuchezea msiba ni ruhusa, kuiba msibani ni laana, na vicheko vilikuwa vimeanza kupungua. Kuna mjomba mmoja wa upande wa mama aliuliza, hana utani hata kidogo, kwa nini vyombo vipotee baada ya wao kufika, au wao ndio wanashukiwa. Shangazi akasema yeye hana muda huo, akabeba furushi la nguo kichwani, akashuka bwawani, wanawake wakamfuata na ndoo. Mimi nikawafuata.

Shangazi alizunguka upande wa mgunga kutafuta matawi ya kuanikia. Tukasikia yowe.

Lazima niseme, kwa mtu asiyejua, hali ile haikupendeza. Mabeseni matatu yamechimbiwa kwenye tope, yamejaa maji, juu ya kila moja limening'inia dude jeupe lisilojulikana, na juu kabisa chura mweupe amefumba macho. Shangazi alikuwa mtu wa mjini, lakini uchawi aliuogopa kijijini hasa. "Nani ameweka haya? Nani anamfanyia nini marehemu?" Watu wakaja mbio kutoka nyumbani, na wanaume, na Mzee Shija mbele yao na kofia mkononi, akipaza sauti, "Si niliwaambia! Si niliwaambia!"

"Ni mimi," nikasema.

Waligeuka wote.

"Ni wewe nini?" shangazi akauliza.

"Mabeseni ni mimi. Ni ya vyura. Watadondoka, na maji yamekwisha."

Shangazi alinitazama muda mrefu. Namwelewa sasa. Alikuwa amemzika wifi yake, hajalala, na ameona mtoto asiyelia tangu siku ya kwanza. "Mama yako amekufa," akaniambia, "mama yako amekufa, hujamtolea chozi hata moja, na wewe unahangaika na vyura?" Akainama akashika ukingo wa beseni la katikati, amwage.

Tup.

Ilikuwa sauti ndogo sana. Shangazi akabaki ameinama. Kwenye maji, mbele ya pua yake, kilikuwepo kitu cheusi kidogo, kimetulia, halafu kikatikisa mkia. Nikatazama juu. Povu lilikuwa limelainika chini, limevutika kama uji unaotoka kwenye mwiko, na ndani ya lile tone refu walikuwa wanajisokota wengine. Tup. Tup, tup.

Nikageuka kuelekea nyumbani, nikaita kwa nguvu zangu zote.

"Mama! Wameanza! Mama, njoo!"

Hakikuwa kilio. Watu waliosikia siku ile mpaka leo wanadhani nililia, wanasema mtoto hatimaye alilia. Nilikuwa namwita. Nilikuwa nimefanya kazi niliyopewa, imekamilika, na niliita nikiwa na furaha kabisa, ya kwanza tangu lile gari la vitunguu. Mama Mwanaidi alikaa chini kwenye tope na mwili wake wote, akajifunika uso kwa kanga. Wanawake wakaanza, mmoja baada ya mwingine. Mjomba aligeukia pembeni. Mzee Shija alivaa kofia yake, akaivuta mpaka machoni. Mimi niliwashangaa. Niliona wananipigia kelele, mama hatasikia.

"Mama!"

Nikasubiri. Njia ya kutoka nyumbani ilikuwa tupu, inaonekana yote mpaka mlangoni. Hakuna mtu aliyekuwa anakuja. Nikaiangalia ile njia, na nadhani kitu fulani ndani yangu kilianza kuelewa, taratibu, kama ganzi inavyoanza kutoka kwenye fizi, na unajua sasa ndiyo maumivu yanakuja.

"Bee."

Ilikuwa sauti nzito, ya kukwaruza, sauti ambayo haikuwa imetumika siku kadhaa. Watu wakapisha. Baba alipita katikati yao, amevaa kanzu, hakuvua hata viatu, akaingia kwenye tope. Akachuchumaa karibu na beseni, akaniangalia usoni.

"Bee, mama. Nimekuja. Wako wapi?"

Nikamwonyesha. Hakuna aliyecheka. Mwanaume wa makamo, mbele ya wakwe zake na watani zake, ameitika kama mtoto wa kike, na hakuna hata mtani mmoja aliyediriki kulisemea. Shangazi aliliachia beseni taratibu, akalirudisha kwenye tope lisiyumbe. Baba na mimi tulichuchumaa pale tukaangalia wanavyodondoka mpaka povu la mwisho likabaki kama utando kwenye tawi. Nguo zilifuliwa kwenye ndoo. Baadaye tulibeba mabeseni sisi wawili, tukawamimina viluwiluwi palipokuwa na kina, na Mama Mwanaidi akayapokea, akageuza moja moja, akatazama alama za rangi ya kucha.

Kama walikua, sijui. Wiki ile ile shangazi alinichukua nikaja kuishi huku Mandewa. Nilipokuja kulia nilikuwa msichana mkubwa, nalilia kitu kingine kabisa, kiatu nadhani. Na ile ganzi sitawadanganya kwamba imeisha yote. Kuna sehemu imebaki, nimeizoea. Bwawa sasa ni shamba la vitunguu, mgunga ulishakuwa mkaa, na kila anayetoka kule namuuliza kama amemwona yule chura mweupe. Vijana wananitazama tu. Wananiuliza kama samaki nao tulikuwa tunawachuma.

Baba yupo, mzee sasa, ndevu nyeupe. Nilishamuuliza habari ya yale maji. Nilikuja kukumbuka kwamba siku zile za tanga alikuwa anaamka kabla ya wote na birika lake la kutawadhia, lililojazwa maji ya mtungini, na watu walinong'ona kwamba huzuni imemchanganya, anaenda kutawadha bwawani wakati maji yako mlangoni. Nikamwambia, baba, ulikuwa unajua. Ulijua namsubiri mama, tena wewe peke yako ndiye uliyejua. Akaniambia, "Mabeseni gani hayo?" Ameshikilia hapo mpaka leo.

Lakini akija kunitembelea nikimwita kutoka jikoni, anaitika vilevile. Mwanangu Saidi huwa anakufa kwa kicheko. "Mama, babu anaitika kama mwanamke!" Namwambia anyamaze, ale.

Jana, lile povu la uani lilipokwisha kudondoka, nilifunga bomba, nikafuta mikono, nikampigia simu. Iliita sana. Mtandao wa kule si mzuri.

"Baba?"

"Bee, mama."

Nikamwambia nimesahau nilichompigia.

"Haya," akasema. "Ukikumbuka, niite. Nipo."